Magadi ya Bibi Kristina

Kila jioni, jua likianza kushuka nyuma ya miamba ya Mkiwa, Bibi Kristina alisimama mlangoni pa zizi na kuwaita mbuzi wake kwa majina. Kulikuwa na Karani, aliyekuwa na tabia mbaya ya kutafuna daftari za watu. Kulikuwa na Mama Mkwe, aliyemkodolea macho kila mgeni. Kulikuwa na Shemasi, beberu mpole asiye na makuu. Na kulikuwa na Kiongozi, mbuzi jike mzee aliyewaleta wenzake nyumbani kutoka malishoni bila kusubiri fimbo ya mtu. Wote kumi na mmoja walipita mbele ya bibi, naye hakufunga zizi mpaka awe amewataja wote.

Mjukuu wake Eliza alikuwa darasa la sita, ana miaka kumi na miwili na miguu mirefu isiyopenda kutulia. Asubuhi alifagia uwanja, akachota maji bombani, akanywa uji wa uwele na kukimbilia shule. Jioni aliwamwagia mbuzi maji. Bibi alipenda kumtania. Hakumwita Eliza kama watu wengine. Alimwita "mke mwenza", kwa kuwa marehemu babu alikuwa akisema huyu mtoto ndiye mke wake mdogo.

"Mke mwenza, leo umefagia au umeikwaruza ardhi tu?"

"Nimefagia, bibi. Macho yako ndiyo yana vumbi."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo walivyoishi.

Jumamosi ilikuwa siku ya majivu. Labda kwenu magadi ya kupikia mnanunua dukani. Bibi Kristina hakuyataka ya dukani, alisema yanakwaruza koo. Yeye alitengeneza ya kwake kama alivyofundishwa na mama yake. Alichukua chungu kikuukuu chenye matundu chini, akatandika nyasi kavu ndani, akajaza majivu, kisha akamimina maji polepole. Kwenye bakuli chini yakadondoka maji ya rangi ya chai nyepesi. Bibi alichovya kidole, akakiweka kwenye ncha ya ulimi na kufumba macho. Yakiwa makali sawasawa, aliyahifadhi kwenye chupa kwa ajili ya mboga ya mlenda ya wiki nzima. Majivu yaliyobaki aliyamwaga kando ya zizi, na mbuzi wakayalamba kwa sababu ya chumvi yake. Kiongozi alifika wa kwanza siku zote, Karani wa pili. Wengine waliambulia mabaki.

Bibi alikula ugali kwa mlenda, unaoteleza bila kutafunwa, mchana na jioni, maana kinywani mwake yalikuwa yamebaki meno manne, na hayo manne yalikuwa hayaelewani. Mama alishinda barabarani akiuza mafuta ya alizeti kwa wasafiri, na mara nyingi alikula hukohuko. Baba, Filipo, alikuwa shambani. Eliza mwenyewe hakuupenda mlenda. Alionja matonge mawili matatu ili asisemwe, halafu akamalizia ugali wake kwa maziwa.

Sasa, majivu ya bibi hayakuwa majivu ya kuokota jikoni. Yalitakiwa ya mabua ya alizeti tu. Baada ya mavuno ilibidi Eliza ayakusanye mabua shambani, ayabebe kichwani hadi kwenye mwamba uliofagiwa vizuri ili udongo usiingie, ayachome kidogo kidogo, asubiri yapoe, kisha ayachekeche. Rundo refu kuliko yeye lilitoa majivu ya kujaza bakuli moja. Moshi ulimtoa machozi, na mabua yalimchoma shingoni. Na yote hayo yalifanyika saa ambayo rafiki yake Winfrida na wenzake walikuwa uwanjani wakicheza rede, wakirushiana mpira na kuukwepa.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Eliza alikuwa akipita njia panda na gunia lake tupu. Nyuma ya banda la fundi Hosea aliona rundo la majivu, laini, ya kijivu, tayari kabisa. Hosea alikuwa fundi wa betri za malori. Betri zilizokufa alizipasua, akatoa vyuma vya ndani, akaviyeyusha kwenye karai juu ya moto wa kuni na kuvimimina upya. Wasafirishaji wote wa barabara ile walimjua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti Filipo. Hujambo?"

"Sijambo. Haya majivu ni ya mtu?"

"Ya mtu gani tena? Yananisumbua tu kuyamwaga. Chukua yote ukitaka."

Eliza alijaza gunia kwa dakika tano. Akalificha nyuma ya kichaka, akaenda kucheza rede mpaka magoti yakawa meusi. Jioni alifika nyumbani, akiwa amejipaka masizi kidogo usoni ili ionekane alikuwa kazini. Tusimfiche, mtoto alikuwa na akili ya ujanja.

Bibi alitia kiganja kwenye majivu. "Leo umeyachoma vizuri mno, mke mwenza. Hayana hata kijiti. Yote ni ya alizeti?"

"Ndiyo, bibi. Yote."

Neno lile lilitoka jepesi. Jumamosi iliyofuata lilitoka jepesi zaidi, na baada ya mwezi Eliza alisahau kabisa kwamba ni uongo.

Mwezi wa tisa bibi alianza kubadilika. Mwanzoni ilikuwa ni mambo ya kuchekesha. Alitia chumvi kwenye mboga mara mbili. Alitafuta kilemba chake nyumba nzima, kumbe amekivaa. Kisha mambo yakaacha kuchekesha. Aliuliza swali, akajibiwa, akauliza tena kabla jibu halijapoa. Alilalamika tumbo linamsokota na mikono inakosa nguvu. Usiku hakulala. Siku moja alimwita Eliza "Eliwaza", jina la dada yake aliyefariki zamani, akamwuliza kama ng'ombe wa baba yao wamerudi. Eliza alicheka akidhani ni utani. Bibi hakucheka.

"Ni uzee," jirani mmoja alisema. "Wote tunakwenda huko."

"Uzee wa miezi miwili?" Mama alijibu. "Mwezi wa sita huyu alikuwa ananihesabia madumu ya mafuta bila kukosea."

Alhamisi moja bibi alitoka kwenda bombani akaikosa njia. Alikutwa amesimama katikati ya lami kwenye njia panda, ndoo kichwani, akitazama huku na huku. Lori la mizigo lilifunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Dereva aliteremka, akamshika bibi mkono na kumvusha. Mama alipomkuta, bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe, analia kimyakimya, hajui nyumba yake iko upande gani.

Jioni hiyo Baba hakugusa chakula. Mwishowe akasema, "Jumatatu nampeleka mama mjini Singida, kwa dada Catherine. Kule kuna geti, linafungwa."

"Afungiwe?" Eliza aliuliza.

"Bora afungiwe kuliko agongwe na gari, mwanangu. Sina njia nyingine."

"Na mbuzi wake?"

"Tutawauza."

Eliza alitoka nje akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Nyumba bila bibi hakuweza hata kuifikiria. Nani angemwita mke mwenza? Mama akikasirika, nani angemtetea yeye Eliza? Alilia mpaka kwikwi ikamshika, na wala hakujua kwamba ufunguo wa jambo hilo alikuwa nao yeye mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya safari, mbuzi nao walifanya vituko. Kiongozi hakutoka zizini. Alisimama ameukandamiza ukuta kwa paji la uso, anausukuma kana kwamba anataka kuubomoa, na huku anasaga meno. Karani alizunguka, akazunguka, upande uleule wa kushoto, akajigonga kwenye nguzo asiione. Baba alimpigia simu bwana mifugo.

Bwana mifugo aliitwa Antipasi. Alikuja na pikipiki yake na begi la dawa, mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na wanyama kabla ya wenyewe. Alichuchumaa mbele ya Kiongozi, akampungia mkono machoni. Mbuzi hakupepesa.

"Haoni vizuri," alisema. "Macho yenyewe ni mazima, nadhani tatizo liko kwenye ubongo. Wameanza lini?"

"Karani ana wiki hivi anapotea njia," Baba alijibu. "Huyu mzee alikuwa anawaongoza wote. Juzi aliwapeleka kwa jirani."

Wakati huo bibi alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, mikono nyuma. Alimtazama Kiongozi kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Huyu mbuzi mzuri ni wa nani?"

Baba aligeuza uso upande wa miamba.

Antipasi alimtazama bibi, akamtazama mbuzi, akamtazama bibi tena. "Mzee Filipo," alisema, "yapo mambo mengi yanayoweza kumfanya mbuzi hivi. Yapo magonjwa, ipo minyoo inayopanda kichwani. Lakini wenzao tisa ni wazima, na wote wanalala hapa na kula malisho mamoja. Hawa wawili wanakula nini ambacho wengine hawali?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri. Mwaka juzi nilikuta ng'ombe watatu wanasukuma ukuta namna hii. Walikuwa wamelamba betri kuukuu ya gari iliyotupwa malishoni. Ndani ya betri kuna madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini inauharibu ubongo. Hapa kwako kuna betri?"

"Hata moja."

Eliza alikuwa nyuma yao ameshika ndoo ya maji. Aliposikia neno betri, aliitua ndoo chini. Aliyatazama majivu yaliyomwagwa kando ya zizi. Kiongozi wa kwanza, Karani wa pili. Kila Jumamosi. Aliona moyoni mwake kidole cha bibi kikichovya kwenye bakuli na kwenda kwenye ulimi. Alitaka kusema. Alifungua mdomo. Kisha akaona fimbo ya Baba ukutani, akaona sura ya Mama, akaufunga.

"Nitachukua kinyesi na damu nikapime," Antipasi alisema, akinyanyuka. "Lakini kupima kunachukua muda. Mkikumbuka kitu chochote, nipigieni mara moja."

"Huondoki na njaa," Mama alisema. "Chakula kiko tayari. Karibu kidogo."

Kwetu mgeni aliyeikuta saa ya chakula haruhusiwi kukataa, hata kama ana haraka. Mkeka ulitandikwa kivulini, ubavuni mwa nyumba. Bibi aliketi, Baba akaketi, Antipasi akaketi. Mama alipakua ugali na kumpa Eliza bakuli kubwa.

"Peleka mlenda. Anza na mgeni."

Eliza alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa la moto, na mlenda ulikuwa wa kijani kilichokolea, unanukia. Alipiga hatua saba kutoka jikoni hadi mkekani. Alisimama. Bibi alikuwa amekwisha kata tonge, ameliviringa, analisubiri bakuli huku anatabasamu.

"Weka basi, mwanangu," Baba alisema.

Eliza hakuweka.

"Eliza! Mgeni anasubiri."

Alilishika bakuli kwa nguvu zaidi. Angeweza kuweka. Hakuna ambaye angejua. Bibi angekula, Jumatatu angepanda gari kwenda mjini, na siri ingebaki chini ya kichaka na gunia lake. Eliza alimtazama bibi yake usoni. Bibi alimtazama yeye, akasema, "Leta, Eliwaza. Nina njaa."

"Usile!" Eliza alilia kwa sauti kubwa. "Bibi, usile! Kuna betri humu! Ni mimi!"

Baba alinyanyuka nusu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Eliza alilikumbatia bakuli kifuani kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya, na maneno yakatoka yote kwa pamoja, yamechanganyika na machozi. "Majivu si ya alizeti. Tangu mwezi wa saba si ya alizeti. Nilikuwa nayachukua kwa fundi Hosea, nyuma ya banda, pale anapoyeyushia betri. Nilisema uongo. Nilikuwa nakwenda kucheza rede. Bibi anayaonja, na mbuzi wanalamba, na Kiongozi ndiye anafika wa kwanza."

Mama aliketi chini palepale alipokuwa, mwiko ukadondoka. Baba alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena.

Antipasi ndiye aliyeanza kusema. Alinyanyuka, akalichukua bakuli taratibu kutoka mikononi mwa Eliza. "Asante," alimwambia. "Umeniokoa mimi pia, maana nilikuwa na njaa kweli." Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, hasira ina wakati wake, na wakati huo si leo. Sijui kama risasi ndiyo iliyomfanya mama hivi. Mimi ni daktari wa mbuzi. Lakini mama aende hospitali leo hii, na nyote mnaokula hapa mpimwe. Mlenda huu usimwagwe hovyo. Chupa ya magadi na majivu kidogo viwekwe kwenye mfuko, muende navyo. Mbuzi wahamishwe, na pale walipolamba pachimbwe na kufukiwa."

"Tutazungumza baadaye," Baba alimwambia Eliza. Sauti yake ilikuwa imechoka zaidi ya kukasirika. "Kwanza bibi yako."

Hospitalini mjini Singida walipokewa na daktari mmoja mama mwenye miwani, aliyeandika kila kitu bila haraka. Alimtaka Eliza asimulie mwenyewe tangu mwanzo. Eliza alisimulia, safari hii bila kulia sana. Daktari alichukua damu ya kila mmoja, akasema itapelekwa kwenye maabara kubwa na majibu yatachukua wiki kadhaa.

"Daktari," Baba aliuliza, "kwa hiyo mama yangu hajazeeka? Ni sumu tu?"

"Sitaki nikudanganye," daktari alijibu. "Kusahau kwa wazee kuna sababu nyingi. Umri una sehemu yake. Kuna magonjwa ya mishipa ya damu, kuna ya ubongo wenyewe. Wataalamu bado wanatafuta ni kwa kiasi gani vitu vya mazingira yetu, kama madini ya sumu, moshi na dawa za shambani, vinachangia, kwa watu na kwa wanyama. Hawajamaliza kujua. Lakini kwamba risasi ni sumu ya ubongo, hilo halina ubishi. Na mtu aliyebadilika ghafla ndani ya miezi michache, tena pamoja na mbuzi wake, simwachi aende nyumbani nikamwambia ni uzee."

Majibu yalipokuja, damu ya bibi ilikuwa na risasi nyingi. Ya Mama na Baba ilikuwa nayo kidogo. Ya Eliza ilikuwa katikati, ingawa alikuwa akionja matonge mawili matatu tu, na daktari akaeleza kwamba mwili wa mtoto huivuta risasi upesi kuliko wa mtu mzima, mbali na vumbi alilovuta akijaza magunia. Eliza alikumbuka jinsi jedwali la kuzidisha la saba na la nane lilivyokuwa likimponyoka muhula ule, na jinsi mwalimu wa hisabati alivyomwita mzembe. Pengine alikuwa mzembe kweli. Pengine haikuwa uzembe peke yake. Daktari alisema hilo hakuna atakayelijua kwa hakika.

Bibi alilazwa. Alipewa dawa za kuusaidia mwili kuitoa ile risasi, akapumzika wiki mbili, akarudi tena kwa awamu nyingine. Safari ya kwenda kuishi nyuma ya geti ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena, mwisho hakuna aliyeitaja. Kiongozi alikufa siku ya tatu. Karani alipona, ila jicho moja halikurudi.

Baba na Antipasi walikwenda kwa fundi Hosea pamoja na afisa afya. Hosea alisikiliza mpaka mwisho, akavitazama vidole vyake vilivyokuwa vikitetemeka siku nyingi bila yeye kujua kwa nini. "Na mimi nilikuwa nampa mtoto kwa mkono wangu," alisema. Hakubishana. Alipimwa, akatibiwa, na tangu siku hiyo betri zilizokufa hakuzipasua tena. Alizikusanya nzima nzima na kuwauzia wanunuzi wenye kibali. Majivu ya nyuma ya banda yalizolewa kwa usimamizi wa afisa afya.

Eliza hakuchapwa. Baba alimwambia wakiwa wawili shambani, "Nilitaka kukuchapa. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna mtu aliyekulazimisha kusema, na ulisema." Hakuongeza neno, akaendelea kung'oa mabua. Eliza naye aliinama, akang'oa ya upande wake.

Mvua zilipokuja, bibi alikuwa amerudi nyumbani. Alitembea kwa fimbo. Mbuzi aliwakumbuka, majirani aliwakumbuka, hata madumu ya Mama alianza kuyahesabu tena, na alipokosea alikasirika mwenyewe. Lakini miezi ile mitatu ilikuwa imefutika. Hakukumbuka lori, wala mkeka, wala bakuli.

"Hebu niambie, mke mwenza," alisema siku moja wakiwa wanachambua majani ya mlenda. "Nilipatwa na nini mimi?"

Eliza alishtuka. Nyumbani walikuwa wamekubaliana kutomsumbua bibi kwa maswali. Angeweza kusema "uliugua, bibi, ukapona," na ungekuwa ni ukweli wa kutosha. Aliacha majani, akamweleza. Alimweleza rede, gunia, masizi aliyojipaka usoni, na lile neno "yote". Bibi alisikiliza, akaguna, akaendelea kuchambua.

Wiki moja baadaye bibi aliuliza tena, kwa maneno yaleyale. Mama alimkonyeza Eliza aachane nalo. Eliza alieleza tena tangu mwanzo. Ilimuuma kama mara ya kwanza. Aliposema Kiongozi amekufa, bibi alitikisa kichwa kwa huzuni kama ndiyo kwanza anasikia.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Bibi alikuwa ameketi juu ya kigoda, Eliza anamsuka.

"Mke mwenza, hebu niambie. Nilipatwa na nini mimi?"

Mikono ya Eliza ilisimama kichwani mwa bibi. Ingekuwa rahisi sana safari hii kuifupisha habari, au kuanzia kwa fundi Hosea, ili lawama nyingine zimwangukie fundi. Nani angepinga? Alianza. "Bibi, nilikudanganya. Mwezi wa saba nilipita njia panda na gunia tupu, na fundi hakuniita, nilimwomba mimi mwenyewe." Akaendelea mpaka mwisho, bila kuacha kitu.

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Eliza alidhani analia, akainama kumtazama. Bibi alikuwa anacheka.

"Mara ya kwanza nilikuwa sijui kitu, Mungu ni shahidi," alisema. "Mara ya pili nilikumbuka nusu. Leo, mjukuu wangu, nilikuwa ninakumbuka yote uliyoniambia. Nilitaka kusikia kama habari imepungua."

"Bibi! Ulikuwa unanijaribu?"

"Nilikuwa ninakujaribu." Alimvuta Eliza mbele yake, akamshika mashavu kwa viganja vyake vikavu. Macho yake yalikuwa mang'avu, na safari hii yalikuwa na machozi kweli. "Sasa nisikilize, maana nasema nikiwa na akili zangu zote. Uvivu wako ulikuwa uvivu wa mtoto, hata mimi nilikuwa nao. Kilichoniumiza ni ile siri. Sumu haikuwa na haraka. Ilikuwa inaingia kila Jumamosi, na kila Jumamosi ulikuwa na nafasi ya kunena. Daktari hawezi kukutibu kitu asichokijua, na mtu hawezi kuacha kula kitu ambacho hajaambiwa kina nini. Mtu akikuuliza kitu kimetoka wapi, mwambie kimetoka wapi, hata kama utaaibika. Na kitu usichojua ndani yake kuna nini, usikilete nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Ulinidanganya jambo moja, na ukweli wake umeniambia mara tatu. Hesabu hiyo mimi naikubali." Akamwachia mashavu, akageuka na kukaa vizuri kwenye kigoda. "Haya, malizia kusuka. Umeniacha nusu kichwa, na wageni wa kanisani wanakuja."

Eliza alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akachukua kitana, akaendelea.